MILIMA YA MPAKANI NA MACHO YA KUAZIMA

Mtu akizifungua diwani zetu za mashairi kwa nia ya kuitafuta bahari, hatapata taabu. Ataikuta katika mawimbi ya mapenzi, katika jahazi la maisha, katika nahodha aongozaye watu na katika tanga lingojalo upepo. Mtu huyo huyo akitafuta mlima, hana budi kuwa na subira. Ataukuta Mlima Kilimanjaro, na hasa kama nembo, kwa kuwa ndiko ulikopandishwa Mwenge wa Uhuru mwaka 1961. Zaidi ya hapo atalikuta neno mlima likiwa na maana ya taabu tu: deni ni mlima, kazi ni mlima, hata ndoa ni mlima. Milima yenyewe, yenye udongo, baridi, mashamba na watu, ataiona kwa nadra sana.

Katika insha hii tunakusudia kulihakiki jambo hilo kwa kupatazama mahali pamoja. Nayo ni milima ya kusini-magharibi ya nchi yetu, ilizungukayo Ziwa Nyasa kwa kaskazini na mashariki, jirani na mpaka wa Malawi. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, tuliwahi kukaa huko miaka kadhaa katika utumishi wa serikali, tukaizunguka kwa miguu zaidi kuliko kwa gari. Pili, tuliwahi kuitungia shairi, na shairi lile lilikuwa baya. Mhakiki anayeanza na kosa lake mwenyewe hana haja ya kwenda mbali kutafuta mtu wa kumkosoa.

Yafaa kwanza tuieleze nchi yenyewe, kwa ajili ya wanafunzi wasiopata kuiona. Hapo ndipo Bonde la Ufa lilipoipasua ardhi, na maji yakajaa katika ufa huo yakawa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari. Kando ya ziwa hilo, upande wa mashariki, ardhi inainuka ghafla kama ukuta. Hiyo ndiyo safu iitwayo katika ramani Milima ya Livingstone, na ambayo wengi huiita Milima ya Ukinga. Ukisimama ufukweni Matema, vilele vilivyo mbele yako vimekuzidi kwa zaidi ya meta 2,000. Juu yake, nyuma ya ukuta huo, kuna uwanda wa Kitulo, ulio kwenye kimo cha meta 2,600 hivi, na karibu nao kuna Mlima Mtorwi wenye kimo cha meta 2,961. Upande wa magharibi umesimama Mlima Rungwe, wa asili ya volkano, ambao miteremko yake ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini. Chini kabisa, katika tambarare ya Kyela, unapita Mto Songwe uingiao ziwani. Na huo ndio mpaka wetu na Malawi.

Tarakimu hizi si mapambo. Maana yake ni kwamba mwezi Julai mtu aweza kuamka Makete na kuikuta sakitu imeyaunguza majani ya viazi, naye akiteremka mpaka ufukweni atakuta watu wamekaa kivulini chini ya miembe, wakianika mpunga na kokoa. Baridi kali na joto la bondeni vimetengwa na mteremko mmoja tu. Katika nchi nyingine mtu angesafiri siku nyingi ili apate tofauti ya namna hiyo.

Sasa tulitazame lile shairi letu. Tuliliandika katika mwaka wetu wa kwanza huko, nasi tulijivunia. Ubeti wake wa mwanzo ulikuwa huu:

Milima imesimama, mfano wake bahari,
Ukungu wake wahama, kama tanga la safari,
Kilele nikitazama, ni mnara wa bandari,
Moyo unataka zama, kwa kina chake kizuri.

Mwalimu akiupima ubeti huu kwa kanuni hataona kosa. Mizani ni minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Tuliusoma kwenye sherehe ya kufunga shule mojawapo ya kijijini, na wazee wakapiga makofi kwa adabu. Baadaye mzee mmoja alitusogelea, akatushika mkono, akasema: “Mwanangu, umetusomea vizuri. Lakini hapa kwetu hakuna bandari. Sasa huo mlima uliousema uko wapi?”

Uhakiki tuliowahi kuupata katika maisha yetu ni mwingi, lakini haujapatikana uliotushinda kuujibu kama huo. Tukiuchambua ubeti ule leo twaona ya kwamba mzee alikuwa na haki. Katika mistari minne hakuna jambo hata moja tulilolijua kwa kupanda mlima. Tulichukua vyombo vya mtu wa pwani, tukavipachika juu ya nchi ya viazi na mianzi. Hata kitenzi cha mstari wa mwisho kimepotoka, maana hakuna mtu azamaye mlimani. Mlimani mtu huteleza, huporomoka, huhema au hupotea katika ukungu. Hayo yote yana maneno yake katika Kiswahili, sisi hatukuyatafuta.

Hatusemi kwamba bahari ni haramu. Ushairi wa Kiswahili umelelewa pwani, na tanzu tuzifundishazo shuleni zilipevuka huko. Mtunzi wa Lamu au wa Mombasa alipoitaja jahazi, aliijua kamba yake na harufu ya shehena yake. Kosa la sisi wa bara ni kulirithi neno bila kuurithi ujuzi uliolizaa. Ndiyo maana tunayaita macho ya namna hiyo macho ya kuazima. Nayo hayaazimwi kutoka kwa mwanamaji peke yake, kwani kuna azima nyingine mbili ambazo zimeidhuru milima hii zaidi.

Azima ya pili ni ya mchora ramani. Katika miaka ya 1870 wasafiri wa Kiingereza walifika kaskazini mwa ziwa, na safu nzima ya milima ikapewa jina la David Livingstone, aliyekuwa amefariki mwaka 1873. Uwanda wa Kitulo nao ukaandikwa katika ramani kwa jina la Elton, balozi wa Kiingereza aliyeuvuka mwaka 1877. Kisha tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba mjini Berlin, wakagawana nchi hizi kwa mistari. Mistari hiyo bado inatusumbua. Malawi huushikilia mkataba huo na kusema kwamba mpaka ziwani unafuata ufuko wa upande wetu, nasi twasema mpaka upite katikati ya maji. Mabishano hayo yalipamba moto tena mwaka 2012.

Haki ya mipaka ni kazi ya mabalozi na wanasheria, nasi hatutaiingilia. Linalotuhusu wahakiki ni namna mstari wa ramani unavyogeuka kuwa maneno yetu. Mtu akizoea kuitazama nchi kwa ramani hiyo, huiita “pembezoni”, “mwisho wa nchi”, “ukuta wa mpaka”. Tumeyasoma maneno hayo katika insha nyingi za wanafunzi, na wengine kati yao wamezaliwa huko huko. Mtoto anaandika kwamba kwao ni mwisho wa nchi. Kwa mama yake, anayelima hapo na kuuza bondeni, hapo ni katikati.

Mto Songwe wenyewe unatufundisha udhaifu wa macho hayo. Ni mto usiotulia. Wakati wa mafuriko huhama mkondo wake, hata shamba lililokuwa upande mmoja likajikuta upande wa pili. Serikali mbili zimelazimika kuwa na mpango wa pamoja wa bonde la mto huo, na miongoni mwa shabaha zake ni kuzituliza kingo. Na watu wa pande zote mbili ni ndugu: Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule lugha zao ni za jamii moja. Mwandishi anayeuona mto huo kama mstari tu ameupoteza mto, na watu wake pia.

Azima ya tatu ni ya mtalii. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, nasi tunaiunga mkono hatua hiyo, kwani uwanda ule una maua ya aina nyingi ajabu, pamoja na aina 45 hivi za okidi. Wenyeji wamezoea kuuita Bustani ya Mungu, na jina hilo limeenea. Lakini tangu hapo tumeanza kusoma maelezo yanayoisifu bustani kana kwamba haina majirani. Mwandishi huhesabu rangi za maua, akamaliza. Haelezi kwamba okidi hizo zina viazi chini ya ardhi, kwamba viazi hivyo huchimbwa na kuvushwa mpaka Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na kwamba biashara hiyo imeyatia maua yenyewe katika hatari. Hapo ndipo palipo na kisa chenye uzito: ua moja, kwa mtaalamu ni hazina ya viumbe, kwa mchimbaji ni karo ya mwanawe, kwa mlaji wa ng’ambo ya mpaka ni kitoweo cha sherehe. Mshairi anayeiona rangi peke yake ameliacha shairi na kuondoka na karatasi ya kufungia.

Basi, macho yetu wenyewe yangeona nini? Tutoe mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa biashara ya zamani. Kabla ya ukoloni, Wakinga walikuwa mafundi wa chuma. Walifua majembe, wakateremka nayo kwa Wanyakyusa, wakabadilishana kwa chakula. Kwa hiyo ule ukuta tuuonao katika ramani ulikuwa njia. Jembe lilishuka, chakula kikapanda, na kila upande ulihitaji kitu alichokuwa nacho mwenziwe. Sifa waliyo nayo Wakinga hivi leo ya kuwa wafanyabiashara hodari katika miji yetu haikuanzia mjini. Ilianzia katika mteremko huo.

Mfano wa pili ni wa vyungu. Chini ya milima hiyo, kwenye rasi ya Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi mpaka sokoni karibu na Matema, na kutoka hapo vikaenea mbali. Hapo mtumbwi ni wa haki kabisa katika shairi, maana upo, umebeba vyungu, na aupigaye kasia anajua kwamba wimbi moja baya litavunja kazi ya mwezi mzima. Twaona basi kwamba hata picha ya maji yaweza kuwa ya kweli ikitoka mahali pake.

Mfano wa tatu ni wa kipunji. Huyu ni nyani mwenye mkia mrefu na manyoya yaliyosimama kichwani, akaaye katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina hilo katika masimulizi yao. Wataalamu walifuata masimulizi hayo, wakamwona mwaka 2003, wakamtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005 kuwa ni aina mpya. Mwaka 2006 ilionekana kwamba ni wa jenasi ya peke yake, jambo ambalo halikupata kutokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Magazeti yaliandika kwamba amegunduliwa. Kwa wenye lugha alikuwa na jina siku zote. Kilichogunduliwa ni kwamba wazee walikuwa wakisema kweli. Sifa za wataalamu hao ni kwamba walisikiliza. Je, sisi waandishi tunasikiliza?

Hapo ndipo penye jambo kubwa tunalotaka lifikiriwe. Msamiati wa nchi hukaa katika vinywa vya watu wanaoifanyia kazi, nao hufa pamoja nao. Tulipokuwa huko tulitembea mara nyingi na wazee waliokuwa na jina kwa kila kona ya njia: pale pumzi inapokata, pale maji yanapopatikana kiangazi, pale ukungu unapokaa mpaka adhuhuri. Wakati huo hatukuandika hata moja. Tulikuwa na daftari mfukoni, nalo lilijaa hesabu za posho na vina vya bahari. Wengi wa wazee wale wamekwisha kufariki. Hiyo ni hasara tuliyoisababisha sisi wenyewe, wala hakuna mkoloni wa kumsingizia.

Wako watakaotupinga kwa kusema kwamba kuyaingiza maneno ya milimani katika Kiswahili ni kurudisha ukabila, na kwamba lugha ya Taifa haina budi kuwa moja. Hoja hiyo tunaiheshimu, kwani umoja wetu ulijengwa kwa lugha hii. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili kilikua kwa kupokea. Kilipokea kwa Waarabu, kwa Wareno, kwa Wahindi, kwa Wajerumani waliotuachia neno shule, na kwa Waingereza. Lugha iliyowakaribisha wageni wote hao haitavunjika kwa kuwakaribisha watoto wa nyumbani. Isitoshe, mara nyingi neno lenyewe tayari limo kamusini nasi hatulitumii. Genge, korongo, mgongo wa mlima, poromoko, sakitu: ni wanafunzi wangapi waliowahi kuyaona katika shairi la darasani?

Wengine watasema kwamba methali zetu zimekwisha kuuhukumu mlima, maana twasema: milima haikutani, binadamu hukutana. Methali hiyo ni nzuri, nayo yahusu binadamu. Hata hivyo, mwanafunzi wa jiografia aweza kuifurahia zaidi akikumbushwa kwamba pale Kitulo safu tatu, yaani Poroto, Kipengere na Livingstone, zinakaribiana mpaka kukutana. Na hapo hapo ndipo watu nao walipokutana kwa jembe, kwa chungu na kwa gunia la mpunga.

Baada ya miaka mingi tulijaribu kuutunga upya ubeti wetu. Hatuutoi hapa kama kielelezo cha ustadi. Tunautoa ili walimu wapate kuulinganisha na ule wa kwanza mbele ya wanafunzi wao:

Asubuhi yatufika, sakitu juu ya shamba,
Viazi vimekauka, mama hana la kuimba,
Vikapu anajitwika, kichwani hana kitamba,
Bondeni anakoshuka, mpunga wajaa nyumba.

Ubeti huu nao una upungufu wake. Kitamba kile kimekuja kwa kuitwa na kina kuliko kwa kuitwa na maana, na msomaji mkali atakiona. Hata hivyo umefanya jambo moja ambalo ule wa kwanza haukulifanya: hauwezi kuhamishiwa pwani, wala Unguja, wala Dodoma. Ukiuondoa mlima, ubeti unaanguka. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza kwa shairi lolote la mahali. Mtunzi na ajiulize: nikilibadili jina la mahali hapa, je, shairi langu litasimama? Likisimama, basi mahali penyewe hapamo.

Kwa walimu wa sekondari tuna pendekezo moja jepesi, lisilohitaji fedha. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa jiografia washirikiane katika zoezi moja kila mwaka. Wanafunzi waende kwa wazee wa kijiji wakakusanye majina ya miteremko, vijito, pepo, mvua na udongo, pamoja na sababu ya kila jina. Warudi wayapange: yaliyo ya Kiswahili, yaliyo ya lugha ya nyumbani, na yale yasiyo na neno la Kiswahili linalolingana nayo. Kisha kila mmoja atunge ubeti mmoja kwa kutumia maneno matatu kati ya hayo. Tunaamini mwalimu atashangaa. Aliyekuwa akipata alama ndogo kwa sababu hajui tanga ni nini, huenda akawa wa kwanza kwa kuwa anajua ukungu huinuka saa ngapi.

Wanafunzi wa milima ya mpakani nao tunawaambia hivi. Vitabu vitawafundisha kimo cha mlima wenu, nanyi mkijue, maana ujuzi huo una faida. Ramani itawaonyesha mpaka, nanyi muuheshimu. Lakini kazi ya kueleza jinsi mzigo unavyobadilika uzito katikati ya kupanda haitafanywa na mtu aliyeko Dar es Salaam. Itafanywa na nyinyi, au haitafanywa kabisa.

Yule mzee aliyetuuliza mlima uko wapi hatukumjibu siku ile. Tulicheka kwa aibu, tukaaga. Mwaka uliofuata tulihamishwa, na tuliporudi kwa matembezi tuliambiwa kwamba alikwisha kuzikwa, katika shamba lake, mahali penye jina ambalo mjukuu wake alitutajia. Safari hii tuliliandika.